Hereni Nilizompa Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu Malindi, miaka ile ya themanini, mgeni alinisikia mimi kabla hajaitikiwa hodi yake. Nilikuwa msichana wa maneno. Baba alikuwa fundi wa redio, kazi yake akiifanyia barazani, na mimi nilikaa miguuni pake nikiyameza yote yaliyotoka kwenye zile redio za watu: taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo. Jioni, nikishakula, niliyarudia neno kwa neno kwa sauti ya mtangazaji, na kukohoa kwake nikakutia humo humo. Majirani wakanibandika jina la Mtangazaji. Walinipa kipande cha halua ili niwasomee habari, nami niliwasomea, na hata walipochoka wakageukia mazungumzo yao niliendelea hadi mwisho, kwa sababu habari ina mwisho wake na mimi sikuweza kuiacha katikati. Walisema mtoto huyu ana akili nyingi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba nina jambo jingine.

Mdogo wangu aliyenifuata hakusema neno. Alivuma tu, sauti ndefu ya puani, huku akijiyumbisha mbele na nyuma. Akitaka maji alinishika kifundo cha mkono, akanipeleka hadi kwenye mtungi, akauweka mkono wangu juu ya kata, kana kwamba mkono ule ulikuwa wake na mimi nimembebea kwa muda tu. Redio aliipenda pia, lakini si maneno yake. Alipenda pale kati ya kituo na kituo, penye mvumo mtupu. Baba akienda kuswali, yeye alizungusha kitufe hadi kwenye mvumo wake, mimi nikakirudisha kwenye maneno yangu, na hapo ndipo tulipopigana. Ni ugomvi ninaoukumbuka kwa mapenzi.

Mtaani walimwita bubu, na wengine, wakidhani hatuwasikii, walimwita mtoto wa majini. Mimi Mtangazaji na yeye mtoto wa majini, na tulilala kitanda kimoja.

Nikiyatazama leo maisha yetu ya chumba kile naona haya kwa jinsi tulivyofanana. Yeye hakuweza kula wali ulioguswa na mchuzi. Sahani ilirushwa ukutani, na bibi, mamake baba, akaanza kumsomea dua. Mimi pia sikuuweza wali huo. Lakini mimi niliuinulia wali wangu ukingo kwa vidole, mchuzi ukabaki upande wake, na wageni wakanisifu kwamba nakula kwa adabu. Yeye alilichana gauni lenye mshono wa kukwaruza. Mimi nilivaa shimizi yangu ndani nje, mshono ukatazama nje, mbali na ngozi, na gauni likanisitiri. Yeye aliwapa watu mgongo akatazama ukuta, wakasema hayupo. Mimi niliinamisha macho, wakasema binti ana haya. Kwetu msichana asiyewakazia macho wakubwa ni msichana aliyelelewa, nami nilijificha ndani ya sifa hiyo na sikutoka. Hata kusalimu nilijifunza kama nilivyojifunza taarifa ya habari: shikamoo, pokea mkono, ubusu, uliza habari za nyumbani, nyamaza. Sikujua wenzangu waliyapata wapi mambo haya bila kuyakariri.

Kilichotuumiza sote wawili kupita kiasi ni vigelegele. Mtu asiyeumizwa na sauti hanielewi nikimweleza, na nimechoka kueleza. Si kwamba ni kelele. Mwanamke akipiga kigelegele karibu yangu nilihisi sindano ikiingia sikioni na kutokea kwenye jino. Na wewe utaishi vipi Malindi bila vigelegele? Mtoto akizaliwa, vigelegele. Akitahiriwa, akihitimu Kurani, akiposwa, akirudi Hija, vigelegele, na huko ndani nyumba imejaa wanawake, na matari, na udi hadi pua inaziba.

Dawa niliipata kitandani. Mto wangu ulikuwa wa sufi, ile inayookotwa chini ya misufi, na ulikuwa na tundu pembeni. Nilivuta donge dogo, nikalisokota, nikalitia sikioni na kujifunika leso kichwani. Ulimwengu ukapoa mara moja. Mdogo wangu aliniona. Alinishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu kwenye tundu la mto, kisha akaupeleka sikioni kwake. Nilimsokotea na yeye. Akaacha kujiyumbisha, akalala chali akitazama boriti za dari, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwili wake wote umetulia. Tangu siku hiyo ikawa siri yetu. Mto ulipokonda mama alilaumu panya, akaleta paka, na paka yule akalala juu ya mto huo huo.

Basi nilijua. Nataka hili lieleweke kabla sijafika mbele: nilijua anachoumwa na nilijua dawa yake, na nilijua kuliko mtu yeyote chini ya dari ile.

Shangazi yangu alipoolewa, harusi ya wanawake ilifanyika kwetu. Asubuhi ile mdogo wangu alinijia akanishika kifundo cha mkono, akanivuta kuelekea chumbani. Alikuwa ameshasikia matari yakikaushwa juani na kupigwapigwa kujaribiwa. Lakini bibi alikuwa amekaa mlangoni, na karibu yake shangazi wa Mombasa, na mimi masikioni mwangu tayari mna sufi. Niliogopa wangemwona nayo, wakaitoa, wakauliza nani amemtia, kisha wakanifunua leso. Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia kwa ukali, "Niache!" Nikaenda kukaa na wenzangu.

Vigelegele vilipoanza alipiga ukelele uliozidi vyote. Alijiuma mkono, akajipigiza ukutani, akaanguka akijiyumbisha katikati ya wanawake waliovaa vizuri, na matari hayakunyamaza kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyanyamazisha siku ya harusi. Bibi alimtazama kwa makini. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta siku nyingi, "Waona? Ngoma yampandisha. Mwanangu ana pepo, na pepo wake ataka ngoma."

Sitaki mtu amcheke bibi. Alikuwa amekwisha kumpeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuandikiwa kombe, aya za zafarani kwenye sahani zinazooshwa kwa maji ya kunywa, na mtoto ameyatema maji hayo. Alikuwa amemfukiza, amemfunga hirizi, ameweka nadhiri. Na katika yale aliyoyajua yeye, mtu anayetetemeka ngoma ikilia hana ugonjwa ila huo, na haponi mpaka pepo wake apigiwe ngoma yake, aulizwe jina, na apewe anachokitaka. Makosa yake yalitoka kwenye huruma. Yangu mimi hayakutoka huko.

Siku chache baada ya harusi aliniita uani alikokuwa akichambua mchele.

"Abee, bibi."

"Njoo ukae. Wewe ndiwe ulalaye naye. Niambie kweli, mwanangu. Ngoma ikilia, mwenzio hupatwa na nini?"

Nilitazama mchele. Jibu lilikuwa mdomoni, fupi kuliko habari yoyote niliyowahi kuisoma: yaumiza, bibi, hata mimi yaniumiza. Ile sehemu ya pili ndiyo iliyonifunga kinywa. Niliona wazi yatakayofuata. Watanifunika mimi pia shuka nyeupe, watanifukiza, watanipigia ngoma kichwani, na majirani wataacha kuniita Mtangazaji. Mtoto wa majini mmoja nyumbani ni msiba. Wawili ni ukoo.

"Sijui, bibi," nikasema. "Nadhani aipenda."

Bibi akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua nilichokifanya, na hili nimelichunguza sana nikitafuta pa kujitetea, nisipaone.

Ngoma ilipigwa alasiri, uani kwetu, watu wakiwa wamejaa hadi barazani. Baba alifunga kazi yake akaenda zake ufukweni. Hakupenda mambo haya na hakuwa na ubavu wa kumkataza mamake. Mama alishika kona akilia kimya. Mdogo wangu walimkalisha kwenye mkeka, amefunikwa shuka, chetezo kikifuka mbele yake, na mama wa ngoma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akaanza. Niliwekwa mbele kabisa kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake. Masikioni nilikuwa nimetia sufi hadi ndani, na leso juu yake.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akawa anatetemeka tu, na wao wakaona anapanda vizuri. Mama wa ngoma akamfunua uso, akamwinamia akamuuliza, "Wataka nini? Sema nasi. Wataka nini tukupe?"

Mdogo wangu alinitazama. Yeye, ambaye hakumtazama mtu, alinitazama mimi. Akajikokota kwenye mkeka, akanifikia, akanivua leso kichwani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika sikio.

Bibi akapaza sauti. "Hereni! Ataka hereni za dhahabu!"

Uwanja mzima ukaripuka vigelegele. Pepo amesema! Kweli nilikuwa na hereni, vijiduara vya dhahabu alivyonipa bibi mwenyewe nilipohitimu Kurani, na ndivyo vilivyong'aa mahali pale mkono wa mdogo wangu uliposhika. Lakini vidole vyake havikuwa kwenye dhahabu. Kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya tundu la sikio langu, kikichokora, na kucha yake ilikwisha kuigusa sufi.

"Haya, mwanangu, vua umpe," bibi akasema. "Usiwe mchoyo kwa mwenzio."

Niliushika mkono wake nikautoa. Nikainua yangu kufungua hereni, na nilipokuwa nikifungua, kwa kidole gumba, niliisukuma sufi ndani zaidi isionekane. Upande huu, na upande ule. Kisha nikampa hereni. Wakamtoboa masikio pale pale kwa sindano na uzi, kwa kuwa hakuwahi kukubali kutobolewa, wanawake wanne wakimshika, na wakamtia dhahabu yangu huku ngoma ikipigwa kumshukuru pepo. Ilipokwisha kutiwa ya pili, mama wa ngoma akainua mkono, ngoma ikanyamaza. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka akavuma.

Watu walinisifu. Hilo nalisema kwa sababu ndilo linaloniamsha. Walinipitia mmoja mmoja wakinibusu kichwani, wakisema dada gani huyu, amevua dhahabu yake bila kununa. Nami niliinamisha macho, na wakasema nina haya.

Baada ya siku ile hakunishika tena kifundo cha mkono. Akitaka maji alisimama mbele ya mtungi akalia mpaka mtu apite. Nilimsokotea sufi kitandani, nikamtilia mkononi, akaiacha ianguke. Na kila alipozidiwa, bibi alisema pepo anadai ngoma yake, na ngoma ikaitwa tena, mpaka ikawa ukigonga sufuria jikoni yeye anakimbilia chini ya kitanda. Hereni hawakuthubutu kumvua, na yeye mwenyewe hakuziondoa. Mwishowe baba alimchukua bila kumshauri mtu, akampeleka Sabaki kwa dadake mkubwa, mjane mwenye shamba la mahindi na mbuzi wawili watatu, mbali na nyumba za watu. Hakueleza sababu. Pengine mtu anayeshinda akisikiliza redio mbovu alikuwa amesikia jambo ambalo sisi hatukulisikia. Alimpelekea na redio, iliyokufa vituo vyote, yenye mvumo tu.

Na mimi nikapata kitanda peke yangu. Nililala vizuri. Siwezi kusema uongo katika hili pia.

Maneno yanayoieleza hali yetu hayakuwa yametufikia, sisi wala hospitali yetu. Niliyapata nikiwa mama mtu, naishi Mombasa, nilipompeleka binti yangu kwa daktari. Alikuwa mtoto wa kusema sana, na alisema juu ya pampu za maji peke yake. Walimu walichoka naye na watoto walimkimbia. Daktari, mwanamke mpole, alimsikiliza habari zote za pampu hadi mwisho, kisha akaniambia hali hii inaitwa Asperger. Akasema ni jamaa ya usonji: ugumu ule ule wa kuzisoma nyuso za watu na kujua zamu ya kusema, kushika jambo moja na kutoliacha, kuumizwa na sauti, na nguo, na vyakula. Ila mtoto wa Asperger huanza kusema kwa wakati wake na darasani akili yake hufanya kazi. Usonji wenyewe, akasema, ni wa wale wanaochelewa kusema, au wasiosema kabisa. Kisha akaniangalia, mimi niliyekuwa nikilitazama paji lake la uso muda wote ule, akauliza, "Na wewe mama, utotoni ulikuwaje?"

Nilifurahi, na furaha ile inanisuta hadi leo. Nilifurahi kwa ajili ya binti yangu, ndiyo, lakini nilifurahi zaidi kwa kuwa nimepewa jina langu mbali na la mdogo wangu. Nililishika neno lile kama nilivyoshika sifa ya haya. Watu waliponiuliza niliwaambia, mimi na binti yangu ni Asperger. Mdogo wangu wa Sabaki ana usonji, ni jambo jingine. Nilisema hivyo miaka kadhaa, kwa sauti ya mtangazaji.

Binti yangu alipokuwa mtu mzima tulikwenda kwa daktari mwingine, kijana, nami nikamsomea historia yetu yote. Akanisikiliza, kisha akasema jina la Asperger wengi wameliacha.

"Siku hizi twasema usonji tu, mama, kwa wote. Kisha twaangalia kila mtu anahitaji msaada kiasi gani, na kwenye mambo yepi."

Nikabisha. Nikamwambia lazima kuna mpaka. Mmoja anasema na mwingine hasemi, hawawezi kuwa kitu kimoja.

"Mpaka tuliuchora sisi madaktari," akasema. "Na kila daktari akawa auchora mahali pake. Mtoto huyo huyo, hospitali hii aitwa hivi, ile aitwa vile. Na asiyesema, mama, si kwamba haelewi."

Binti yangu aliona ni jambo jepesi. Alimuuliza kama pampu ya kliniki ni ya umeme. Mimi nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje nikalia, na watu wakadhani nimepewa habari mbaya za ugonjwa. Nilikuwa nimevuliwa kinga yangu ya mwisho. Kama ni kitu kimoja, basi siku ile uani hapakuwa na Mtangazaji na mtoto wa majini. Palikuwa na watoto wawili wenye maumivu mamoja, na mmoja wao alikuwa na ulimi na dawa, akaushika ulimi, akaificha dawa.

Nilikwenda Sabaki wiki ile ile. Shangazi alikwisha kufariki zamani, na mdogo wangu anaishi na bintiye shangazi, mwanamke asiye na maneno mengi, ambaye hambughudhi mtu wala hampigii mtu kelele. Nimekuwa nikienda kila Idi, na kanga mpya na vitumbua, nikikaa kidogo, nikiongea peke yangu, nikiondoka. Mara hii nilibeba sufi. Niliitafuta kwa shida, maana mito ya siku hizi ni ya sponji, na nilikuwa nimeisokota vidonge viwili njiani.

Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba, nywele zimeanza mvi, akivuma. Hereni zilikuwa masikioni, zimekwaruzika, zile zile. Nikakaa chini karibu naye bila kumgusa. Nilitaka kumwambia yote, nikaona kwamba kumwambia kungekuwa tena ni mimi kusema na yeye kusikia. Nikanyamaza. Pengine ndiyo mara ya kwanza niliyonyamaza mbele yake.

Ndipo ng'ambo ya shamba ikaanza ngoma. Watu walikuwa na harusi yao, na vigelegele vikafuata. Sikuwa nimetia kitu masikioni. Niliumia, naye nikamwona bega likimpanda. Nikafungua kiganja nikamnyooshea vile vidonge vya sufi.

Hakuvitazama. Alipeleka vidole sikioni mwake, akaifungua hereni, polepole, kwa ustadi ambao sikujua anao. Kisha ya upande wa pili. Akanishika kifundo cha mkono, mkono ule mwingine uliokuwa mtupu, akaugeuza kiganja juu, akaziweka humo, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

Kisha akakaa ananitazama ule mkono, akingoja ngoma inyamaze, kama ilivyonyamaza siku ile uani hereni ya pili ilipotiwa.

Ngoma iliendelea.